Jibu: Waomani ni madhehebu gani, na waliishije kabla ya mafuta?

Ndugu, umeuliza kama Waomani ni Sunni au Shia, na walikula nini kabla ya mafuta.

Sehemu kubwa yao si Sunni wala Shia, ni Ibadhi, yaani madhehebu mengine ya Kiislamu. Wakiswali huachia mikono ubavuni na hawaitikii "amin" baada ya Alhamdu. Usimpime mtu kwa mikono peke yake, maana Wamaliki wengi, yaani Masunni wa madhehebu ya Malik, nao huachia. Dhofar, kusini, wengi ni Masunni wa Kishafi, na wanaswali msikiti mmoja na Maibadhi.

Bara ya Oman waliishi kwa tende na falaji, yaani mfereji unaotoa maji chini ya mlima hadi mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Maji hugawanywa kwa muda. Fungu moja, athar, ni kama nusu saa, na siku nzima ina athar 48. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Mfereji ukiziba kwa mchanga, mitende inakauka, kwa hiyo kuuzibua ni kazi ya kudumu.

Pwani waliishi kwa bahari na biashara, na hapo ndipo Zanzibar inapoingia. Seyyid Said, sultani aliyetawala Oman na Zanzibar pamoja, alifariki 1856, wanawe wakagombania urithi. Mwaka 1861 Waingereza wakaamua himaya hiyo igawanywe mbili, na Zanzibar iilipe Muscat, yaani upande wa Oman, riale 40,000 (sarafu za fedha) kila mwaka. Wengi husahau malipo haya, nayo yalipokatika Muscat iliumia sana. Mafuta yalianza kuuzwa nje 1967 tu.