Ndevu zimeota, je, amekuwa mtu mzima? Jibu kuhusu yatima, mali yake na rushdi

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Kaka yangu alifariki miaka 9 iliyopita, akaacha mjane, mtoto wa kiume na wa kike. Mimi ni baba yao mdogo, na ndiye ninayesimamia nyumba ya kupangisha hapa Tanga na shamba la machungwa Muheza. Kijana ana miaka 19, anataka akabidhiwe fungu lake. Mimi namwona bado mtoto. Anaamka saa nne, simu haimtoki mkononi, na mwaka jana pikipiki yake aliiuza kwa hasara. Shemeji anasema nimeikalia mali ya wanawe. Katika dini, mtu mzima ni nani hasa? Nimkabidhi, au nisubiri mpaka aoe?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Ndugu yangu, Allah akulipe kheri kwa kubeba amana hii miaka 9, na kwa kuuliza kabla ya kuamua.

Kuna milango miwili hapa, na watu wengi huichanganya. Wa kwanza ni baleghe. Mvulana akiota na kutokwa na manii, msichana akivunja ungo, au mmoja wao akitimiza miaka 15 ya Kiislamu, ambayo ni kama miaka 14 na nusu kwa kalenda ya kawaida, kalamu imeanza kumwandikia. Miaka hiyo 15 tunaipata kwa Ibn Umar, Allah awawie radhi yeye na baba yake. Alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumruhusu kupigana. Akajitokeza tena siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akamruhusu. Kwa hiyo sala na funga zimeshakuwa deni juu ya kijana wako tangu zamani. Kuhusu ibada, yeye ni mtu mzima kama wewe.

Mlango wa pili ni rushdi, yaani ukomavu wa akili, na huu ndio wa mali. Allah anasema katika Suratun Nisaa, aya ya 6, kwamba muwajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na mkiwaona wana rushdi, muwape mali zao. Angalia vizuri: ni kufikia umri wa kuoa, si kuoa. Ukisema unasubiri ndoa, umeongeza sharti ambalo Mola wako hakuliweka. Na dada yake naye yumo katika aya hiyo hiyo. Imam Malik ana maneno yake juu ya msichana na ndoa, ila kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wa pwani, akibaleghe na rushdi yake ikaonekana, hacheleweshewi chake kwa kusubiri mume.

Sasa rushdi ni nini? Jibu linalonigusa kuliko yote ni la sahaba Ibn Abbas. Najda, kiongozi wa Makhawariji, kundi lililojitenga na Waislamu wengine, alimwandikia barua akiuliza mambo matano, mojawapo uyatima wa mtoto unakwisha lini. Ibn Abbas hakumtajia umri. Alimjibu, kwa maana ya maneno yake katika riwaya ya Muslim, kwamba mtu anaweza kuota ndevu naye bado ni dhaifu wa kujichukulia haki yake na dhaifu wa kutoa anachopaswa kutoa. Akianza kujichukulia yaliyo mema kama wachukuavyo watu, uyatima umemwondoka. Kuchukua na kutoa, basi. Anajua chake kiko wapi, anajua cha mwenzake kinaishia wapi.

Kwetu pwani tuna kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Dafu ni kubwa, limejaa maji, linapendeza macho, lakini ukilipeleka kwenye mbuzi hulikuni. Na mkwezi haangui nazi kwa kuhesabu siku. Huitazama, huigonga, husikiliza. Ndivyo aya ilivyosema: wajaribuni.

Hapo ndipo swali lako liliponihuzunisha kidogo. Umenieleza anavyolala na anavyoshika simu. Hukunieleza hata siku moja ulipompa sehemu ya mali yake aishughulikie, akaiharibu. Umemhukumu mtu ambaye hujamjaribu. Kujaribu si hiari yako, ni amri, na katika madhehebu yetu kauli yenye nguvu ni kwamba hufanywa kabla hata ya baleghe, ili siku ikifika pawe na la kusema. Wanazuoni wameeleza mpaka namna yake: mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa katika kuuza na kupatana bei, wa mkulima katika kilimo na matumizi ya vibarua, na msichana katika kazi za nyumbani, hata kukilinda chakula paka asikile. Jaribio hurudiwa mara mbili au zaidi, isije ikawa amebahatisha. Kama ulimwacha tangu ana miaka 10 bila kumshirikisha katika hesabu ya shamba, uchanga unaouona leo una mkono wako ndani yake.

Pikipiki iliyouzwa kwa hasara haitoshi kumwita safihi. Safihi ni yule ambaye kuharibu ni mwendo wake: anaitupa mali, anapunjwa punjo kubwa katika biashara na hajali, au anaimaliza katika haramu. Imam Nawawi anaona kwamba hata kutumia katika sadaka, vyakula na mavazi yaliyozidi hali ya mtu si ufujaji wa kumzuilia mali, kwa kauli sahihi zaidi. Na kuamka saa nne? Kama Alfajiri inampita, hilo ni kosa kubwa baina yake na Mola wake, umnasihi kwa upole. Imam Shafii huingiza dini katika rushdi pamoja na mali. Wanazuoni walio wengi wanatazama mali peke yake. Hapa naelemea kwa hao walio wengi, kwa sababu nimeona walezi wakitafuta dhambi za vijana ili wasiachie funguo.

Basi fanya hivi. Mpe akusanye kodi ya vyumba viwili kwa miezi mitatu na alipe mafundi. Msimu wa machungwa, yeye apatane bei na wanunuzi wewe ukiwa pembeni, usimkatize, kisha ufunge mauzo. Akifanya vizuri mara mbili, mkabidhi, wala usingoje awe kama wewe. Akishindwa waziwazi, utaizuia mali na kuendelea kumfundisha. Abu Hanifa aliweka kikomo cha miaka 25, akifika hapo apewe vyovyote alivyo. Kwa Shafii na walio wengi hakuna kikomo, hata awe na mvi.

Nachukulia kwamba mirathi iligawanywa: mjane thumuni yake, yaani moja ya nane, wazazi wa marehemu sudusi zao, yaani moja ya sita kila mmoja, kama walikuwa hai, na kinachobaki fungu mbili za kijana kwa moja la dada yake. Wewe huna fungu, maana mtoto wa kiume anakuzuia. Kama mgawanyo haujafanyika, huo utangulie.

Maneno ya shemeji yamekuuma, naelewa. Usimjibu kwa hasira, mfungulie daftari. Aya ile ile inamtaka mlezi tajiri ajizuie, na mhitaji ale kwa kadiri inayokubalika, kisha siku ya kukabidhi waitwe mashahidi. Ulichochukua kwa haja na kwa kiasi hakina neno. Ambacho huwezi kukieleza, kiandike kuwa ni deni lako. Na ukiona mzigo umekushinda, hakuna aibu kuutua kwa mwaminifu mwingine: sahaba Abu Dharr, pamoja na daraja yake, Mtume alimwambia kwamba anamwona dhaifu, asisimamie mali ya yatima.

Wallahu a'lam.