Albumini chini, mafuta juu: karatasi ya maabara ya mgonjwa wa sepsisi

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yetu amelazwa siku ya tano kwa sepsisi iliyoanzia kwenye figo. Majibu ya maabara: albumini 21 g/L, CRP 240 mg/L, kolesteroli 2.3 mmol/L, trigliseridi 3.4 mmol/L. Amevimba miguu. Ndugu wanasema ni njaa, tuchange tununue chupa za albumini. Na mafuta yamepandaje ilhali hali kitu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na poleni kwa kuuguza. Msichange kwanza. Albumini ni protini inayoshikilia maji ndani ya mishipa ya damu. Kiwango chake cha kawaida ni 35 hadi 50, na huchukua siku 20 hivi nusu yake kuisha mwilini, kwa hiyo njaa ya siku tano haiwezi kuishusha hadi 21. Imevuja. Sepsisi, yaani mwili kujidhuru unapopambana na maambukizi, hulegeza kuta za mishipa midogo kabisa. Albumini hutoka, maji nayo yakafuata. Mbonyeze juu ya muundi kwa kidole gumba, hesabu hadi kumi, uachie: shimo litabaki. Lita za dripu alizopewa nazo zimezimua damu. Ini lenyewe limepunguza kutengeneza albumini, linatengeneza protini za dharura, CRP ikiwa mojawapo.

Chupa mtakayonunua itapita kwenye mishipa hiyo hiyo inayovuja. Utafiti wa ALBIOS wa Italia, uliotoka 2014, ulipandisha albumini ya wagonjwa wa sepsisi hadi 30 na vifo havikupungua. Daktari huifikiria pale mgonjwa anapokuwa amekwisha kupewa dripu nyingi na presha bado haijasimama.

Macho yenu yawe kwenye CRP. Ini likiacha kuitengeneza, nusu yake huondoka kwa saa 19 hivi. Ikiwa dawa zina siku tatu au nne na bado imeganda pale pale, ulizeni mambo mawili: je, ultrasaundi imeonyesha jiwe au usaha unaoziba njia ya mkojo? Na je, majibu ya kuotesha vijidudu yanakubaliana na dawa anayopewa? Figo iliyoziba haiponi kwa sindano peke yake, lazima izibuliwe.

Sasa mafuta. Homoni za msongo huyeyusha mafuta ya mwilini, ini likayafunga upya na kuyarudisha kwenye damu kama trigliseridi. Kimeng'enya cha kuyapokea, kilichopo kwenye kuta za mishipa, kimepoozwa na kemikali za uvimbe. Yanaingia, hayatoki. Kama yuko kwenye mashine ya kupumua na analazwa usingizi kwa propofol, ile dawa nyeupe kama maziwa, kila mililita ina gramu 0.1 ya mafuta; mililita 10 kwa saa ni kalori 264 kwa siku. Damu ya kupima ikichukuliwa kwenye mrija ule ule unaopitisha dawa hiyo, majibu yatakuwa ya uongo.

Kolesteroli ya 2.3 msiishangilie. HDL na LDL, chembe zinazosafirisha kolesteroli kwenye damu, hubeba pia sumu za bakteria, na zikishuka sana mara nyingi ugonjwa ni mkali. Si kipimo cha moyo kwa sasa; kirudiwe wiki kadhaa baada ya kupona.

Chakula kinahitajika, ila kwa kuokoa misuli. Huanza kidogo kidogo kwa mpira wa puani, protini ikipandishwa hadi gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 78, na yai moja lina 6 tu. Uji mzito wa nyumbani huziba mpira, muulizeni muuguzi kabla ya kumimina chochote.

SWALI: Mgonjwa wangu wa sepsisi ana kalisiamu 1.9 na albumini 20. Nimwombee sindano ya kalisiamu?
Muuguzi, Tanga

JIBU: Bado. Karibu nusu ya kalisiamu husafiri imeshikwa na albumini, kwa hiyo jumla hushuka pamoja nayo. Kanuni ya kuongeza 0.02 kwa kila gramu ya albumini iliyopungua chini ya 40 inakupa 2.3, ambayo ni ya kawaida, lakini kwa mgonjwa mahututi kanuni hiyo hudanganya. Omba kipimo cha kalisiamu huru, ile isiyoshikwa na albumini. Mashine ya gesi za damu huitoa kwa dakika chache.