Erhu au gaohu: jibu kwa mpiga fidla wa Tanga

Mkuu, umesema muuzaji kakwambia erhu na gaohu, zile fidla za Kichina za nyuzi mbili, ni kitu kimoja, ila gaohu ni ndogo tu, na unataka kujua uchukue ipi. Si kitu kimoja. Nilisoma Guangzhou, kusini mwa China, miaka minne, nikafundishwa erhu na mzee mmoja bustanini, na mimi pia niliwahi kuamini hivyo. Uzi ndio ulioniadhibu.

Zote mbili zitakushangaza kwa jambo moja: upinde hautoki. Nywele zake zimepita katikati ya nyuzi mbili. Ukizivuta kuelekea tumboni unapata uzi wa ndani, ukizisukuma mbele unapata wa nje. Halafu hakuna ubao chini ya nyuzi kama kwenye fidla, kidole kinaishia hewani. Wewe umezoea kubana, kwa hiyo utabana kupita kiasi na noti itapanda. Mimi ilinichukua miezi kulegeza mkono. (Ukiwahi kuona zeze la Wagogo utatambua umbo: mti uliopita kwenye kibuyu kilichowambwa ngozi. Ila upinde wake uko huru.)

Erhu hufungwa D na A, zilezile nyuzi mbili za katikati za fidla yako. Gaohu ni G na D, oktavu nzima juu ya zile mbili nene za fidla yako. Basi nikajifanya mjanja, nikaikaza erhu yangu ifike huko. Uzi ukakatika, ukanichapa mkononi. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akaazima gaohu ya jirani yake, akaibana katikati ya magoti.

Hapo ndipo nilipoelewa. Erhu inakaa juu ya paja la kushoto na kisanduku chake cha sauti kinapumua. Gaohu ni kali mno, kwa hiyo magoti yanaziba sehemu ya kisanduku chake cha duara. Ukiyabana sauti inatulia, ukiyalegeza inachoma masikio. Yaani miguu nayo inapiga muziki. Aliyeianzisha gaohu ni mwanamuziki Lü Wencheng, miaka ya 1920: alichukua erhu, akaweka uzi wa chuma badala ya hariri, akapandisha sauti, nayo ikawa kiongozi wa muziki wa Kikantoni, yaani wa eneo la Guangzhou.

Kwako nashauri erhu. Muziki wa kujifunzia ni mwingi, kuanzia vipande kumi vya mtunzi Liu Tianhua, na sauti yake inakaribia ya mtu anayeimba, jambo ambalo mtu wa taarab kama wewe atalipenda. Nakiri kwenye kikundi chenye kodiani gaohu ndiyo ingesikika zaidi. Lakini kuanza nayo ni kujitesa: vidole vinakaribiana sana, na kosa dogo linasikika hadi barabarani.

Unyevu wa Tanga usiudharau. Ngozi iliyowambwa kwenye kisanduku ni ya chatu, na ikinyonya unyevu hulegea, sauti ikafifia. Guangzhou kuna majira kuta zinatoka jasho, na erhu yangu ilikuwa kama imefungiwa kwenye gunia. Ukimaliza kupiga, chomeka penseli chini ya nyuzi, ukingoni mwa kisanduku, ili kile kidaraja (Wachina hukiita farasi) kisiikandamize ngozi usiku kucha.

Na kwa kuwa chatu analindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, dai cheti cha ngozi kabla hujalipa. Mimi nilikidai baada ya kulipa, na muuzaji akaacha kupokea simu.