Jibu: Feinstein alipataje umeya bila kura ya raia?

Kaka wa Shela, umeuliza Dianne Feinstein aliukalia vipi umeya wa San Francisco bila kupigiwa kura. Alikuwa rais wa baraza la madiwani. Novemba 27, 1978, Meya Moscone na diwani Harvey Milk waliuawa kwa risasi. Ni yeye aliyetoka mbele ya waandishi kutangaza msiba. Sheria ikamkabidhi kiti papo hapo, madiwani wakampitisha wiki iliyofuata, na 1979 akashinda kwa kura. Na alikuwa ameshaugombea mara mbili akaangushwa!

Kwetu Malindi umeya uliisha kaunti zilipoanza 2013. Sasa gavana na naibu wakikosekana wote, spika wa kaunti hushika. Ndivyo spika Mutura alivyoshika Nairobi 2020, gavana Sonko alipong'olewa.