Jibu: Kama macho hukosea, kwa nini tuyaamini?

Mkuu, umeuliza: ikiwa macho hutudanganya mara mojamoja, tuna msingi gani wa kuyaamini? Juzi alfajiri nilikuwa na bodaboda natoka Tukuyu kwenda Mbeya. Pale Isyonje ukungu ulikuwa mzito, taa haisaidii kitu. Nikaona mtu amechuchumaa kando ya lami. Nikapunguza mwendo, kumbe gunia la viazi, limefungwa lumbesa, yaani limejazwa kupita mdomo wake, majani yamechomoza juu kama nywele! Sawa, macho yalinidanganya. Lakini nani alinisahihisha? Macho hayohayo, nilipokaribia.

Thomas Reid, mwanafalsafa Mskoti aliyetoa kitabu mwaka 1764 kumjibu David Hume, mwanafalsafa mwenzake mwenye mashaka na milango ya fahamu, ana hoja ninayoipenda: akili inayokuambia uyashuku macho nayo umezaliwa nayo tu, kama macho. Kwa nini uiamini hiyo, macho uyanyime? Hakusema hayakosei. Alisema kuyaamini hakungoji uthibitisho. Naongeza yangu: huo uthibitisho wenyewe utausoma kwa kitu gani, kama si kwa milango hiyohiyo ya fahamu?

Anayebisha, mtazame akivuka barabara Mwanjelwa. Anaangalia kulia na kushoto kama sisi.