Maswali ya dezati rozi: kiangazi kimeingia, meseji zimejaa

Mvua ikikata tu hapa Dodoma mnaanza, kila mtu anataka kujua habari za mdagu, ile dezati rozi (yaani waridi la jangwani) ya milimani yenye kitako kinene na maua ya pinki. Nimechagua machache. Waliouliza bei sijawajibu, mimi siuzi.

Shikamoo mwalimu. Wangu umepukutisha majani yote, umekufa? (Nkuhungu)

Marahaba. Haujakufa, umelala, na hili swali nalijibu kila mwaka ikifika Juni jamani, tusomeane basi. Bonyeza kitako kwa kidole, kikiwa kigumu uko hai, kikibonyea kama papai lililoiva ujue umeoza na aliyeuozesha ni wewe na kopo lako la maji.

Nimwagilie mara ngapi? (Area D)

Udongo ukikauka kabisa mpaka chini. Kipindi cha baridi karibu usimwagilie. Na toboa hiyo ndoo!

Nimejenga Iyumbu, nataka mmoja mkubwa wa porini niuweke getini. Nikachimbe upande gani?

Sikuelekezi. Unakoota nitasema maana sio siri, unapenda vilima vya mawe na kichanga kisichotuamisha maji, pamoja na mibuyu na miti ya miiba, na ukienda Ruaha kiangazi utauona umechanua hauna hata jani moja wakati pori lote limekauka rangi ya kijivu. Ila kuchimba, hapana. Tangu serikali ihamie huku kila nyumba mpya inataka bustani, na njia ya mkato ni kijana mwenye sururu na kirikuu, anapanda kilimani anang'oa mti ambao umekaa pale kabla babu yako hajaoa, anakata mizizi ili uingie kwenye kiroba, anakuja kuuweka barabarani juani. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kununua mmoja hivyo, elfu thelathini, nikajiona mjanja, ulichanua mara moja ile ya kuaga ukaoza kuanzia kwenye vidonda vya mizizi, nikabaki na shimo. Kile kitako ndio tenki lake la maji, ukishakijeruhi na kukizika kwenye udongo wa samadi unaomwagiliwa kila jioni unategemea nini? Mche wa mbegu unachanua ndani ya mwaka mmoja au miwili, huwezi kusubiri hapo kweli? Nyumba yenyewe umejenga miaka sita.

Una sumu kweli? Nina mtoto wa miaka miwili na mbuzi watatu. (Chamwino)

Kweli kabisa, wala sio ya kutania. Ule utomvu una sumu inayopiga moyo, na Wahadzabe kule Ziwa Eyasi wanauchemsha mpaka unakuwa mzito wanapaka kwenye mishale wanaangusha wanyama wakubwa, sasa fikiria mtoto. Weka mahali asipofika, ukipogoa vaa glavu, usijishike macho, nawa. Mbuzi mfunge. Na wewe uliyeniandikia kwamba kuna mtu kakwambia uchemshe mizizi unywe kwa ajili ya tumbo, usinywe, na huyo mtu usimrudie. Mtoto akitafuna kimbia naye hospitali na uchukue na kipande cha mmea, usikae kumnywesha maziwa ukisubiri.

Unafukuza nyoka?

Hapana.

Nilipanda tawi, limechanua vizuri ila halina kitako. Nilipigwa? (Kongwa)

Hujapigwa, tawi ndivyo lilivyo, linashika na kuchanua haraka ila kile kitambi cha chini halikipati vizuri. Ukitaka kitambi panda mbegu.

Kwa nini unaitwa wa jangwani wakati Dodoma sio jangwa? (Bahi)

Asante! Wewe ndio msomaji wangu. Hapa tunapata mvua milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, tatizo inamiminika kati ya Disemba na Aprili halafu kwaheri, kwa hiyo ni nyika kame, na watu wa Dar waache kutuita jangwa huku wanakula zabibu zetu. Mmea wenyewe hauna habari na mipaka, unaanzia Senegali unapita Sudani, Ethiopia, Somalia, Kenya mpaka kwetu na ng'ambo Uarabuni, na jina la kitaalamu Adenium limetokana na Aden ya Yemeni. Waridi lenyewe hata sio ndugu yake.

Sasa hizo mbegu nazipata wapi?

Kwa jirani mwenye miti miwili au zaidi, mmoja peke yake mara nyingi hautungi. Yakitoka yale maganda mawili kama pembe za mbuzi, yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo wa Dodoma mnaujua.