Katika sataranji, mwenye nyeupe acheze nini dhidi ya Ulinzi wa Alekhine, yaani nyeusi anapojibu 1.e4 kwa Nf6? (N ni farasi, B askofu, R ngome.)

Ndugu, kwa kuwa umesema huna muda wa kukariri, usianze na shambulio la askari wanne (1.e4 Nf6 2.e5 Nd5 3.d4 d6 4.c4 Nb6 5.f4). Linavutia kweli, lakini nyeusi anakualika ujaze askari katikati ili aje awabomoe, na ukikosea hatua moja tu katikati yako yote inaanguka.

Mimi ningekupa hii: 1.e4 Nf6 2.e5 Nd5 3.d4 d6 4.Nf3. Farasi wa nyeusi muache kwanza pale d5, c4 itakuja baadaye. Akijibu 4...Bg4, weka 5.Be2, farasi wako wa f3 hafungwi tena kwa malkia, kisha ficha mfalme. Unabaki na nafasi kubwa zaidi bila kuhatarisha kitu. Fischer alipomchezea Spassky ulinzi huu katika mchezo wa 13 wa mashindano yao ya ubingwa wa dunia mwaka 1972, Spassky alichagua 4.Nf3 hiyohiyo. Alishindwa, ndiyo, ila si kwa sababu ya ufunguzi. Mchezo huo uliamuliwa mwishoni kabisa.

Ukitaka utulivu zaidi, 4.c4 Nb6 5.exd6. Akila kwa askari wa c, panga Nc3, Be3, Rc1 na b3: c4 inalindwa, na ngome inatoka kwenye mstari wa askofu wake wa g7.